Kilauri na Bilauri: Historia ya Msamiati wa Kila Siku Mjini Lubumbashi

Mwanafunzi wa Lubumbashi akiandika katika insha yake kwamba mgeni alipewa maji katika kilauri, mara nyingi neno hilo hukatwa kwa wino mwekundu na juu yake huandikwa bilauri. Sahihisho hilo lina msingi wake, kwani bilauri ndilo neno la Kiswahili sanifu. Hata hivyo, mwanafunzi haelezwi kwa nini nyumbani kwao husemwa kilauri. Hutoka darasani amepata neno moja na kulionea aibu jingine. Je, msamiati wake umekua au umebadilishwa tu? Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya mji, kwamba msamiati wa kila siku haukuzwi kwa kufuta maneno, bali kwa kujua kila neno lilikotoka na mahali linapofaa kutumiwa.

Tuanze na kilauri chenyewe. Asili ya neno ni Kiarabu, ambako hutaja kioo safi kama fuwele. Wenyeji wa mwambao walilipokea kwa umbo la bilauri. Lilipoingia bara, lilikutana na wasemaji ambao wingi wa kintu kwao ni bintu. Masikioni mwao bilauri lilikuwa wingi tayari, basi wakalitafutia umoja: kilauri. Watu wa mwambao walifanya jambo lilo hilo kwa neno jingine la Kiarabu, kitabu, walipolipa wingi wa vitabu ambao Waarabu hawaujui. Sarufi iliyotenda kazi ni moja. Tofauti ni kwamba tendo moja limeingia kamusini na jingine limebaki jikoni.

Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, kikakita mizizi Kasongo, Nyangwe na kandokando ya ziwa Tanganyika. Mjini Elisabethville, uliozinduliwa mwaka 1910 reli ilipofika kutoka kusini, kilipata maisha mengine. Migodi na viyeyusho vya shaba vya kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, vilihitaji mikono mingi. Wafanyakazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, kisha Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Wengi wao hawakuzaliwa katika Kiswahili. Walikikuta kazini na kukijenga upya kwa vifaa walivyokuja navyo.

Vifaa hivyo vingali vinaonekana. Lupango, yaani kiwanja chenye nyumba na uzio wake, ni neno la lugha za jamii ya Kibemba, ambako hutaja ua au boma. Kapita, msimamizi wa kazi, ni neno la Kireno lenye maana ya nahodha au mkuu wa kikosi. Matabishi, ambayo mwambao huiita bakshishi, ni ya Kireno vilevile: hapo mwanzo ilikuwa tone la kinywaji cha asubuhi, lililosemwa kwamba "huua mdudu" tumboni. Kwa maneno matatu tu, msikivu anasomewa makazi ya mji, ngazi za kazi na njia ya wafanyabiashara wa pwani ya magharibi.

Waliotangulia kuandika msamiati wa mji hawakuwa wasemaji wake. Vijitabu vilitungwa kwa ajili ya Wazungu waliohitaji kuongoza wafanyakazi na watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian, katika utafiti wake uliochapwa mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, ameonyesha jinsi lugha ilivyohusiana na utawala. Lete, ondoa, fagia, ngoja: huo ni msamiati wa kuamuru. Mwenye kuujua aliweza kuagiza chakula kila siku bila kuweza kumwuliza mpishi habari za watoto wake.

Mwaka 1928 ulikuwa na matukio mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. Huko Mombasa, mkutano ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huohuo, kwenye mto Lualaba, mmisionari John Whitehead alitoa kitabu chake kuhusu Kingwana, akikiandika kama lahaja yenye kanuni zake. Njia ya kwanza ilishika shule na kamusi. Njia ya pili ilipata wafuasi wachache.

Ndipo mwaka 1965 watumishi wenyewe wakashika kalamu. André Yav, aliyekuwa amefanya kazi ya boi, alitunga maandiko kwa Kiswahili cha mji kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani, akayaita kwa Kifaransa "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville. Ajabu ni kwamba ndani hamna orodha ya maneno, bali historia ya mji kama walivyoipitia watumishi. Tahajia yake ilikuwa ngumu hata Kalundi Mango akalazimika kuyasoma kwa sauti ili maana ijitokeze. Yeye na Fabian waliyatoa kitabuni mwaka 1990. Huenda jina hilo halikukosewa. Kwa mtu aliyeishi miaka mingi ndani ya maneno ya kuamriwa, kusimulia mambo yalivyokuwa ni namna ya kutoa msamiati wake mwenyewe.

Fundisho kwa darasa la leo ni jepesi kutenda. Mwanafunzi na awe na daftari lenye safu tatu: neno la nyumbani, neno la kamusi, na chanzo cha kila moja. Aandike lupango mbele ya kiwanja, kapita mbele ya msimamizi, kisha aeleze tofauti, kwa kuwa maana hazilingani kabisa. Katika mtihani atatumia bilauri, na ni haki adaiwe hivyo. Lakini pembeni mwa karatasi mwalimu anaweza kuandika mstari mmoja kuhusu kintu na bintu badala ya kukata tu kwa wino mwekundu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na mji huu unajua utumishi ulikuwa nini.