Kabuga na Historia ya Bakteria Waondoao Fosforasi katika Majitaka

Utangulizi

Kabuga ni mji mdogo katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, pembezoni mwa Kigali kwenye barabara iendayo Rwamagana. Maji yanayoteremka kutoka vilima vyake kuelekea kusini huingia katika mabonde ya mto Nyabarongo. Yale yanayoelekea kaskazini, upande wa ziwa Muhazi, hutoka ziwani humo kwa mto Nyabugogo na kuishia Nyabarongo vilevile. Nyabarongo ukiungana na Akanyaru huwa Akagera, nao Akagera humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, kinachotupwa Kabuga ni suala la Bukoba, Entebbe na Kisumu pia. Makala haya yanafuatilia historia ya bakteria wanaoondoa fosforasi katika majitaka, na yanadai kwamba ugunduzi wao peke yake haukuokoa maji popote. Ulihitaji mabomba ya kuyakusanya majitaka na sheria ya kumlinda aishiye chini ya mkondo.

Kutoka Manchester hadi Pretoria

Mwaka 1914, Ardern na Lockett walionyesha mjini Manchester kwamba majitaka yakipulizwa hewa, na tope lake likihifadhiwa badala ya kutupwa, vijidudu vilivyomo husafisha maji kwa haraka. Mbinu hiyo ilipunguza uozo, lakini fosforasi nyingi ilibaki majini. Mwaka 1959, Srinath na wenzake nchini India waliripoti kwamba tope la namna hiyo linaweza kufyonza fosforasi kwa wingi. Mwaka 1965, Levin na Shapiro nchini Marekani walieleza kwamba tope hilo hufyonza fosforasi likipewa hewa, na huiachilia likinyimwa.

Hatua iliyofuata ilitokea barani Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, James Barnard alikuwa akitafuta namna ya kuondoa naitrojeni katika mtambo wa majaribio wa Daspoort, Pretoria. Aliona kwamba fosforasi nayo ilipungua sana pale tope lilipopitishwa kwanza mahali pasipo hewa, kisha penye hewa. Sababu yake ni tabia ya bakteria wenyewe. Pasipo hewa, huvunja akiba yao ya fosfati ili wapate nguvu ya kumeza asidi nyepesi, kama ile ya siki, na kuiweka mwilini kama chakula. Wakifika penye hewa hukitumia chakula hicho, na hufyonza fosforasi kuliko ile waliyoitoa. Tope likiondolewa, fosforasi huondoka nalo.

Utambulisho wa bakteria hao ulichelewa. Mwaka 1975, Fuhs na Chen waliwataja Acinetobacter. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1990 uliwaondoa katika nafasi hiyo kuu, na mwaka 1999 likatolewa jina la Candidatus Accumulibacter phosphatis. Hivyo wahandisi waliwatumia bakteria hao kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuwajua vyema.

Nafasi ya sheria

Johannesburg imejengwa juu ya mgawanyo wa maji, na majitaka ya upande wake wa kaskazini huelekea bwawa la Hartbeespoort, lililosumbuliwa na mwani na magugumaji kwa sababu ya rutuba iliyozidi. Mwaka 1980, Afrika Kusini iliweka kikomo cha miligramu 1 ya fosfati kwa lita katika mabonde yaliyo hatarini. Ugunduzi wa Daspoort ukapata nguvu ya sheria, na manispaa zikawa na sababu ya kuutumia.

Ziwa Viktoria lilipata onyo lake miaka ya 1990, magugumaji yalipoziba ghuba na bandari, mengine yakiletwa na Akagera. Itifaki ya mwaka 2003 ya maendeleo endelevu ya bonde la ziwa hilo ilitiwa saini na Kenya, Tanzania na Uganda. Rwanda na Burundi, nchi za chanzo cha Akagera, zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Ni kweli kwamba fosforasi ya ziwa hutokana pia na mmomonyoko wa udongo, na vumbi na moshi vinavyoangushwa na mvua. Hata hivyo, miji inakua, na sehemu yake inaongezeka.

Hitimisho

Sehemu kubwa ya Kigali imetegemea vyoo vya shimo na matangi ya nyumbani. Mfumo mkuu wa majitaka, wenye mtambo Giti cy'Inyoni, ulibuniwa kuhudumia kwanza eneo la katikati ya jiji, nayo Kabuga iko upande wa pili. Bakteria wa Daspoort hawawezi kufanya kazi ndani ya shimo la choo, kwa kuwa hawapati zamu ya hewa na ukosefu wa hewa. Isitoshe, tope lililoshiba fosforasi likirundikwa bila hewa huirudisha majini. Kwa mji kama Kabuga, basi, mpangilio unaofundishwa na historia ni huu: kukusanya kwanza, kuweka kikomo, kisha kuwapa bakteria kazi, na kulirejesha tope lililotibiwa shambani, mahali ambapo fosforasi inahitajika. Mkondo unaanzia kilimani, na wajibu pia.