Meli ya starehe iliyokosa bandari



Wiki iliyopita mmoja wetu alitutumia picha ya meli kubwa nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, ikielekea visiwa vya Karibi. Maneno yakawa mengi. Mmoja akasema siku akipata nchi ya tatu, kitu cha kwanza ni kupanda meli ile. Mwingine akamjibu, "Ndugu yangu, anza kwanza kupanda basi bila kuulizwa kitambulisho." Tulicheka sana. Lakini picha ile ilinikumbusha meli nyingine iliyovuka Bahari ya Atlantiki kwenda kisiwa cha joto. Nayo ilikuwa na bwawa la kuogelea, muziki wa dansi na vyakula vizuri. Tofauti ni kwamba karibu abiria wake wote walikuwa wakimbizi.

Jina lake St. Louis. Ilikuwa meli ya Kijerumani, ya kampuni ya Hamburg-Amerika Linie. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu kwenda Amerika, na misimu mingine kutembeza wenye pesa visiwani. Tarehe 13 Mei 1939 iling'oa nanga Hamburg kuelekea Havana, mji mkuu wa Kuba. Safari ile ilikuwa na abiria 937, na karibu wote walikuwa Wayahudi.

Walikuwa wanakimbia nini? Novemba 1938 Wanazi walichoma masinagogi Ujerumani nzima, wakavunja maduka ya Wayahudi, wakakamata wanaume kama 30,000 na kuwapeleka kambi za mateso. Baadhi waliachiliwa kwa sharti moja: hameni nchi hii. Sawa, wahame, lakini waende wapi? Miezi michache kabla ya hapo, Julai 1938, nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hawa. Karibu kila mjumbe alisema anawaonea huruma, na karibu kila mjumbe akaeleza kwa nini nchi yake haiwezi kupokea wengi. Sisi tunazijua hotuba za namna hiyo.

Basi, Kuba ikaonekana ni mlango. Abiria wengi walikuwa tayari wameomba viza za Marekani na wako kwenye foleni. Mpango wao ulikuwa kusubiri zamu yao Kuba. Mkuu wa uhamiaji wa Kuba, Manuel Benítez, alikuwa anauza vibali vya kuteremka, dola 150 au zaidi kwa kimoja. Watu waliuza walichonacho, wakanunua. Lakini siku 8 kabla meli haijaondoka, Rais Federico Laredo Brú alitoa amri ya kuvifuta vibali vile. Yaani walipanda meli wakiwa na karatasi mkononi, na karatasi ile ilikuwa imeshakufa. Wengi wao hawakujua.

Hapo nilimkumbuka mjomba wangu. Alimlipa mtu pesa ya mbuzi wawili, eti jina lake litaingia kwenye orodha ya kusafiri. Akapewa karatasi yenye muhuri mzuri tu. Orodha yenyewe haikuwepo. Watu wanamcheka mjomba kwamba ni mjinga. Mimi simcheki. Mtu aliyefungiwa milango yote atanunua hata picha ya mlango.

Turudi melini. Nahodha aliitwa Gustav Schröder. Alikuwa Mjerumani, siye Myahudi, lakini aliwaagiza wafanyakazi wake wawahudumie watu hawa kama abiria wengine wote. Aliwaruhusu wasali sala zao za Ijumaa jioni, na wakati wa sala picha ya Hitler iliondolewa ukutani. Watoto wakaogelea, wakubwa wakacheza dansi. Hebu fikiria: watu waliokatazwa kukaa kwenye benchi za bustani kwao, sasa wanavutiwa kiti na kuambiwa karibu. Wiki mbili walikuwa watu tena.

Tarehe 27 Mei wakafika Havana. Minazi wanaiona, mji wanauona. Abiria 28 tu ndio walioruhusiwa kuteremka, wale waliokuwa na viza au hati halali. Wengine wote, kaeni humo humo. Ndugu waliotangulia Kuba walikodi mashua, wakaizunguka meli, wakaita majina ya wake zao na watoto wao kutoka chini. Mtoto anamwona baba yake pale majini, na hawezi kumgusa. Abiria mmoja alijaribu kujiua, akapelekwa hospitali ya mjini. Shirika la misaada la Wayahudi la Marekani lilituma wakili kujadiliana na serikali. Rais Brú akataka dhamana ya dola 500 kwa kila mtu. Mazungumzo yakavunjika, na tarehe 2 Juni meli ikaamriwa iondoke.

Schröder akaelekea Florida taratibu, akitumaini neno litabadilika. Walikaribia kiasi cha kuziona taa za Miami. Wakamtumia Rais Roosevelt telegramu wakimwomba awapokee. Hakujibu. Wizara ya mambo ya nje ikasema wasubiri zamu yao kwenye orodha. Kanada iliombwa pia, nayo ikakataa. Tarehe 6 Juni meli ikageuza kichwa kurudi Ulaya.

Nahodha hakutaka kuwarudisha Ujerumani. Alifikiria hata kuikwamisha meli makusudi kwenye pwani ya Uingereza ili abiria waokolewe. Haikufika huko, kwa sababu nchi nne zilikubali kugawana watu: Uingereza 288, Ufaransa 224, Ubelgiji 214, Uholanzi 181. Tarehe 17 Juni wakatia nanga Antwerp, Ubelgiji. Watu walilia kwa furaha.

Furaha ile haikudumu. Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliingia Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa. Kati ya wale 619 waliopokelewa katika nchi hizo tatu, 87 tu walikuwa wameshaondoka. Waliobaki, 254 walikufa, wengi wao kwenye kambi za mauaji. Waliopelekwa Uingereza karibu wote walipona. Nani alipona na nani alikufa, mara nyingi ilikuwa suala la kuwekwa orodha ipi tu.

Sasa kwa nini nawaletea historia ya Wazungu? Wengi wetu hapa tulivuka Ziwa Albert mwaka 2018. Mashua za kuvulia samaki, zimejaa mpaka maji yanaingia, hakuna bwawa la kuogelea wala muziki. Kuna waliozama, tunawajua kwa majina. Lakini tulipofika Sebagoro, tuliteremka. Hakuna aliyetuambia geuzeni. Wao walikuwa na meli nzuri na bandari iliyofungwa. Sisi tulikuwa na mashua mbovu na bandari iliyo wazi. Ukiniuliza ipi inaokoa mtu, jibu ninalo.

Na bandari ile haikuwa wazi kwa bahati tu. Baada ya vita, nchi ziliandika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Afrika ikaongeza wa kwake, Mkataba wa OAU wa 1969, unaosema wazi kwamba hata kukataliwa mpakani, mtu akarudishwa kwenye hatari hiyo, hairuhusiwi. Tunalalamika kila siku kuhusu mgao kupungua na kesi kukaa miaka, na tuna haki ya kulalamika. Lakini haki hii moja tuijue kwa jina na kwa namba, kwa sababu siku hizi zipo nchi zinazoona ni mzigo, na haki usiyoijua huwezi kuidai.

Marekani na Kanada ziliomba radhi. Kanada ilifanya hivyo rasmi bungeni mwaka 2018, mwaka ule ule ambao sisi tulikuwa tunavuka. Miaka 79 baadaye. Schröder alifariki 1959, na 1993 taifa la Israeli lilimpa heshima ya watu waliowasaidia Wayahudi. Hakuwa na nchi ya kuwapa wale watu. Alikuwa na meli tu, na alikataa kuigeuza haraka.

Kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, najua nanyi hamna nchi ya kutupa. Mna kalamu, kompyuta na orodha. Msigeuze haraka.

Na wewe uliyeituma ile picha, usiifute. Siku moja utapanda. Ila kabla hujauliza chumba kina dirisha au hakina, uliza kwanza bandari ya huko mbele itakupokea.