Herufi nyuma ya bahasha: barua za askari toka Burma, karatasi za ndugu hapa Birere

Hapa Birere hata mtoto wa shule anahesabu vita kwa herufi: AFDL mwaka 1996, RCD 1998, kisha CNDP, FARDC, MONUSCO. M23 yenyewe ni tarehe iliyofupishwa: 23 Machi 2009, siku serikali na CNDP walipotia sahihi mapatano hapa hapa Goma. Zamani kulikuwa na herufi nyingine, za mapendo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, barua ya askari ilisomwa kwanza na ofisa. Jina la mahali ao hesabu ya kikosi vilikatwa kwa mkasi ama kufutwa kwa wino. Mtu ataandikaje mambo ya nyumba yake mbele ya mkubwa wake? Askari wa Uingereza wakaandika herufi nyuma ya bahasha. ITALY haikutaja nchi. Kila herufi ilianzisha neno la Kiingereza, na mke akasoma: nakuamini, nakupenda. HOLLAND ilitumaini kwamba mapendo yao hayatakufa. BURMA ilimwomba mke amngoje bila nguo. Hiyo tuiache hapo, watoto wanasikiliza.

Wakongomani walikuwa katika vita hivyo. Force Publique ilishinda Waitalia kule Saio, Ethiopia, Julai 1941. Baadaye waganga wa kijeshi toka Kongo walifika Burma yenyewe, wakahudumia majeruhi wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kwa askari asiyejua kuandika, shida ilizidi: mwenzake alishika kalamu, ofisa akakagua, na kule kijijini mwingine akamsomea mama. Siri ya wawili ilipita kwa watu watatu.

Familia nyingi za Goma zinaijua shida hiyo. Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja walipovuka toka Rwanda kwa siku chache, Msalaba Mwekundu ulipeleka karatasi za ujumbe kati ya ndugu waliotengana. Karatasi hiyo haifungwi. Kila aliye njiani anaweza kuisoma, na inabeba habari za familia tu, bila siasa wala mambo ya jeshi. Ndiyo maana jina la utani linaloitwa nyumbani tu, ao habari ya mbuzi aliyepotea mwaka ule, lina uzito kuliko salamu ndefu. Mkaguzi anaona mbuzi. Mama anajua kwamba aliyeandika ni mtoto wake, na yuko hai.