Kutoka Sheria hadi Skrini: Historia ya Vizio vya Hali ya Hewa katika Programu za Nyumbani

Programu zinazoendesha taa, feni na vifaa vingine vya nyumbani huonyesha pia hali ya hewa, na humtaka mtumiaji achague vizio. Katika Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, mifumo mikuu ni miwili: wa metriki na wa kimila wa Marekani. Makala haya yanaonyesha kuwa uteuzi huo hautokani na mapendeleo ya mtu pekee, bali ni mabaki ya mageuzi ambayo baadhi ya mataifa hayakuyakamilisha.

Kila kizio kina historia yake. Fahrenheit alichapisha kipimo chake cha joto mwaka 1724. Celsius alitoa chake mwaka 1742, akiweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye maji yanayoganda. Mpangilio huo uligeuzwa baadaye. Inchi, kwa upande wake, ilikubaliwa kimataifa kuwa milimita 25.4 kamili mwaka 1959 tu.

Mataifa nayo hayakuhama kwa hatua moja. Uingereza ilianza kutangaza joto kwa Selsiasi mwaka 1962, lakini mpaka leo kasi ya upepo hutangazwa kwa maili kwa saa. Kanada ilihamia Selsiasi tarehe 1 Aprili 1975. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya metriki iliyoacha mabadiliko yawe ya hiari, na Farenhaiti ikabaki katika utabiri wa kila siku. Kwa hiyo, mkazi wa Uingereza anayechagua mfumo mmoja kwa vipimo vyote hupata skrini isiyolingana na utabiri anaousikia redioni. Ndiyo maana uwezo wa kuchagua kizio cha joto, upepo, mvua na mgandamizo wa hewa, kila kimoja peke yake, una msingi wa kihistoria.

Afrika Mashariki inaijua hali hii kwa njia nyingine. Chini ya Waingereza, mvua ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliandikwa kwa inchi. Katika Kongo, Rwanda na Burundi chini ya Wabelgiji, iliandikwa kwa milimita. Tarakimu 2 katika daftari la zamani yaweza kuwa manyunyu ya milimita 2 au mvua kubwa ya milimita 50.8. Mtafiti anayeunganisha kumbukumbu za pande mbili za Ziwa Tanganyika bila kuangalia kizio atazua ukame au mafuriko ambayo hayakutokea.

Funzo kwa watunga sera ni kwamba kizio ni sehemu ya taarifa, wala si pambo la skrini. Kihisi cha nyumbani cha leo ni kumbukumbu ya tabianchi ya kesho. Inafaa data ihifadhiwe pamoja na kizio chake cha asili, na ugeuzaji ufanywe wakati wa kuonyesha tu. Aidha, ugeuzaji utofautishe joto lenyewe na badiliko la joto: nyuzi 10 za Selsiasi ni 50 za Farenhaiti, ilhali ongezeko la nyuzi 10 ni ongezeko la 18. Asiyezingatia tofauti hiyo huharibu kumbukumbu huku skrini ikionekana sahihi.