Giovanni Segantini, Mchoraji Asiye na Nchi

Giovanni Segantini alizaliwa tarehe 15 Januari, 1858, katika mji wa Arco, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Dola ya Austria. Mamaye alifariki naye angali mdogo. Babaye akampeleka Milan kwa dada yake wa kambo, akaenda zake, na haukupita muda naye akafa. Dada huyo aliukana uraia wao wa Austria, lakini hakuomba ule wa Italia. Basi mtoto akawa hana nchi, na hali hiyo ikamfuata hadi kaburini.

Mwaka 1870 alitiwa katika shule ya kurekebisha tabia kwa sababu ya uzururaji, akafundishwa ushonaji wa viatu. Kusoma na kuandika kulimwia vigumu, ila mkono wake ulijua kuchora. Baadaye alijiunga na Chuo cha Sanaa cha Brera, na mwaka 1879 picha yake ya ndani ya kanisa la Sant'Antonio ikampatia sifa.

Mwaka 1886 alihamia Savognin, Uswisi, pamoja na Bice Bugatti na watoto wao. Kwa kukosa hati, hakuweza kufunga ndoa ya kiserikali wala kupata pasipoti. Picha zake zilivuka mipaka asiyoweza kuivuka mwenyewe. Huko milimani alichora wachungaji, ng'ombe na theluji kwa mtindo wa pekee: hakuzichanganya rangi, bali alizipanga mistari myembamba ubavu kwa ubavu, jicho la mtazamaji lizichanganye kwa mbali. Ndiyo maana mwanga katika picha zake huonekana kana kwamba unatetema.

Mwaka 1899 alipanda mlima Schafberg ili akamilishe picha tatu kubwa: Uhai, Maumbile na Mauti. Huko juu aliugua tumbo ghafla, akafariki tarehe 28 Septemba akiwa na umri wa miaka 41. Picha hizo zimo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa kwa jina lake huko St. Moritz mwaka 1908.

Wahenga walinena: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi walimu huitumia methali hii kumtisha mwanafunzi mtundu. Lakini Segantini hakukataa kufunzwa na mamaye. Alinyang'anywa na mauti. Tumwonapo mtoto mzururaji darasani, tuulize kwanza: amekataa mafunzo, au amekosa wa kumfunza?