Ulimwengu Mezani: Historia ya Migahawa ya Mataifa katika Bustani ya EPCOT

Katika jimbo la Florida nchini Marekani, karibu na mji wa Orlando, liko ziwa la kuchimbwa lililozungukwa na njia ya takriban kilomita 2, na kando ya njia hiyo yamesimama mabanda 11, kila moja likiwa na sura ya nchi moja: Meksiko, Norwe, Uchina, Ujerumani, Italia, Marekani yenyewe, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Mahali hapo huitwa World Showcase, nacho ni sehemu ya EPCOT, mojawapo ya bustani za burudani za kampuni ya Disney, yaani maeneo ya kulipia kiingilio ambamo majengo, muziki, mavazi ya wafanyakazi na hata vyakula hupangwa ili vitoe simulizi moja. Kwa zaidi ya miaka 40 wageni wa bustani hiyo wamekuwa wakibishana ni mgahawa wa taifa gani unaostahili kupendwa kuliko mingine, na ubishi wenyewe huonekana kuwa ni wa ulimi na ladha tu. Historia ya mabanda hayo, hata hivyo, yaonyesha kwamba mapenzi hayo yalitengenezewa njia mapema na mambo mawili: nani alikubali kugharimia banda, na ni chakula gani ambacho Mmarekani alikuwa amekwisha kukionja kabla ya kufika.

Desturi ya kumpeleka mtu ugenini kwa njia ya sahani haikuanzia Florida. Chimbuko lake ni maonyesho ya kimataifa ya karne ya 19, mikusanyiko mikubwa ya viwanda na biashara ambamo kila taifa lilikuwa na nafasi yake, kwa namna ambayo mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuzunguka mabanda ya Sabasaba ataielewa bila kuelezwa sana. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, jengo kuu lenye umbo la yai lilizungushiwa kwa nje safu ya migahawa ya mataifa, ambamo wahudumu waliovaa mavazi ya kwao waliwauzia watembezi vyakula na vinywaji. Mwaka 1889 jiji hilohilo lilijenga mtaa mzima wa kuigiza Cairo. Chicago ilipopata zamu yake mwaka 1893 ilitenga eneo la burudani lililoitwa Midway Plaisance, ambako Vienna ya kale, kijiji cha Wajerumani na mtaa wa Cairo vilipangwa karibu na kijiji cha watu wa Dahomey. Mjerumani alikuja Chicago kupika na kuuza, ilhali Mdahomey aliletwa atazamwe, jambo lililomkera Frederick Douglass, mwanaharakati aliyezaliwa utumwani na ambaye katika maonyesho hayo alikuwa msimamizi wa banda la Haiti. Mgawanyo huo wa kazi, wa taifa linaloliwa na taifa linalotazamwa, ulidumu muda mrefu kuliko majengo ya plasta yaliyoubeba.

Maonyesho ya New York ya mwaka 1939 yaliongeza jambo jingine. Mgahawa wa banda la Ufaransa, ulioongozwa na Henri Soulé, uliwavutia matajiri wa jiji kiasi kwamba Ufaransa ilipoangukia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1940, Soulé alibaki Marekani na mwaka uliofuata akafungua Manhattan mgahawa wake mwenyewe, akauita Le Pavillon, yaani Banda, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa kipimo cha upishi wa Kifaransa nchini humo. Kwa hiyo jengo la muda liliacha ladha ya kudumu. Walt Disney naye alijifunza katika maonyesho mengine ya New York, yale ya 1964 na 1965, ambako kampuni yake ilitengeneza michezo minne kwa fedha za wadhamini, wakiwamo Ford, General Electric na Pepsi-Cola, huku wageni wakipanga foleni kwa ajili ya mikate ya kuoka ya Kibelgiji yenye stroberi na krimu. Funzo alilolibeba ni kwamba mtu mwingine anaweza kulipia jengo ambalo Disney angelijenga na kulitumia.

EPCOT aliyoitangaza Disney katika filamu iliyopigwa Oktoba 1966 ilikuwa mji halisi wa watu kuishi, ambao kitovu chake kingekuwa na maduka na migahawa ya mataifa chini ya paa moja. Alifariki Desemba mwaka huohuo, na warithi wake, ambao hawakuwa na hamu ya kuendesha mji wenye wapigakura, walilibadili wazo hilo polepole. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na michoro miwili isiyohusiana, mmoja wa maonyesho ya teknolojia na mwingine wa mabanda ya mataifa, hadi wabunifu wa kampuni walipoisogeza pamoja mifano yake ya mezani na kuiunganisha kuwa bustani moja. Milango ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, baada ya kutumika zaidi ya dola bilioni moja, kukiwa na mabanda 9 ya nchi. Moroko iliongezwa mwaka 1984 na Norwe mwaka 1988, na tangu hapo hakuna nchi nyingine iliyoongezwa.

Matumaini ya awali yalikuwa kwamba serikali za nchi husika zingelipia mabanda yao kama zilivyofanya kwenye maonyesho ya kimataifa. Serikali nyingi zilikataa. Nafasi yao ilichukuliwa na makampuni binafsi, na kwa njia hiyo sura ya kila taifa ikategemea ni mfanyabiashara gani aliyekuwa tayari kuja. Japani iliingia kwa mlango wa Mitsukoshi, nyumba ya biashara ambayo asili yake ni duka la vitambaa vya kimono lililoanzishwa mwaka 1673. Meksiko ikaja kupitia wenye San Angel Inn, mgahawa mashuhuri wa Jiji la Meksiko uliomo katika nyumba kongwe ya shamba la enzi za Wahispania. Italia ikaletwa na jina la Alfredo wa Roma. Ujerumani ilijengewa ukumbi wa bia wenye meza ndefu na bendi ya matarumbeta, kana kwamba nchi nzima ni Bavaria na mwaka mzima ni Oktoba.

Ufaransa ndiyo iliyopata bahati kubwa zaidi, kwa kuwa wapishi watatu waliokuwa kileleni mwa fani yao, Paul Bocuse, Roger Vergé na mtaalamu wa vitamutamu Gaston Lenôtre, walikubali kwa pamoja kuendesha Les Chefs de France. Bocuse, ambaye mgahawa wake karibu na Lyon ulikuwa mahali pa hija kwa wapenda chakula, hakuona aibu kupikia watu waliovaa kaptura na kofia zenye masikio ya panya, na uamuzi huo ulimpa Mmarekani wa kawaida, aliyetoka mbali na majiji makubwa, nafasi ya kuonja supu ya vitunguu iliyosimamiwa na mabwana haohao. Mwanawe, Jérôme Bocuse, aliuendeleza mgahawa huo, na ule wa ghorofani ulibadilishwa mwaka 2012 na kuitwa Monsieur Paul kwa heshima ya baba yake. Ni haki kusema kwamba katika ziwa zima hakuna banda jingine ambalo upishi wake uliunganishwa kwa karibu hivyo na wakuu wa upishi wa nchi yenyewe.

Kwingineko, kipenzi cha wageni mara nyingi kilikuwa chakula kilichokwisha kukutana na Marekani mahali pengine. Tambi za Alfredo, ambazo Alfredo Di Lelio alizitengeneza Roma mwanzoni mwa karne ya 20 kwa siagi na jibini ya Parma, zilipata umaarufu wake kwa watalii na waigizaji wa Hollywood, kisha zikatiwa krimu huko Marekani, hali Waitaliano wengi hawazijui kwa jina hilo. Ndizo zilizoliwakilisha taifa lao hapo ziwani hadi mgahawa huo ulipofungwa mwaka 2007. Vivyo hivyo upishi wa tepanyaki, ambao mpishi hukaanga nyama na mboga juu ya bamba la chuma mbele ya wageni, ulienea mjini Kobe baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ukiwavutia zaidi wageni kuliko wenyeji, ukavuka bahari na kupendwa New York katika miaka ya 1960, hata kufika 1982 Mmarekani alikuwa akiusubiri. Le Cellier ya Kanada ilianza kama ukumbi wa kujihudumia kwa sinia, ikageuzwa baadaye kuwa nyumba ya nyama choma ya vipande vinene, na tangu hapo kupata meza yake kukawa taabu. Norwe ilianza kwa meza baridi ya samaki na jibini, kama ilivyo desturi ya Skandinavia, lakini leo mgahawa wake wa Akershus hujaa kwa sababu ya mabinti wa kifalme wa hadithi za Disney wanaopita mezani kusalimia watoto. Meksiko pekee ndiyo inayoweza kudai kuwa imependwa kwa giza: San Angel Inn imo ndani ya piramidi, chini ya anga la usiku lisilokucha, na mashua za wageni hupita kando ya meza.

Kuchagua kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake. Mwaka 1982 mgeni aliyetaka chakula cha jioni alikimbilia asubuhi kwenye vioo vya kugusa vya mfumo wa WorldKey, akaonana kwa video na mhudumu aliyemwandikia meza, maajabu ya kweli kwa wakati ule. Baadaye nafasi zikawekwa kwa simu na intaneti, kwa miaka mingi hadi siku 180 kabla, na tangu 2020 siku 60, hivyo mtu hulazimika kupenda mgahawa kabla hajanusa harufu yake. Pombe nayo ilichangia: Magic Kingdom, bustani jirani, haikuuza pombe hadi mwaka 2012, ilhali EPCOT iliiruhusu tangu mwanzo, na tamasha la chakula na mvinyo lililoanza mwaka 1996 liliimarisha mazoea ya kulizunguka ziwa kwa kunywa kinywaji kimoja katika kila nchi. Wahudumu walitolewa katika nchi husika, na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 iliwaundia viza ya mabadilishano ya utamaduni, inayoitwa Q-1, isiyozidi miezi 15.

Moroko yasimama peke yake. Mfalme Hassan II aliamua kwamba nchi yake haitamwachia mfanyabiashara banda lake, akatuma mafundi waliopachika kwa mikono vigae vya zeliji, yaani vipande vidogo vya rangi vinavyounda michoro isiyo na sura ya mtu wala mnyama kwa kufuata mapokeo ya Kiislamu, na mnara wa banda ukaigwa kutoka Koutoubia ya Marrakesh. Ufundi huo haukupata mshindani ziwani. Lakini Restaurant Marrakesh, uliopika kuskusi na tajini za kondoo, uliwauzia Wamarekani ladha ambazo hakuna aliyekuwa amewazoeza, nao haukuwahi kugombewa kama nyama choma za Kanada. Ulifungwa mwaka 2020, na mwaka huohuo Disney ikachukua uendeshaji wa banda zima.

Afrika kusini mwa Sahara ilitangazwa pia. Katika kipindi cha televisheni cha uzinduzi wa 1982, Alex Haley, mwandishi wa Roots, alieleza banda la Afrika ya Ikweta litakalojengwa kati ya Uchina na Ujerumani, lenye nyumba ya juu ya mti ambamo wageni wangetazama wanyama wakija kunywa maji. Fedha hazikupatikana, banda halikujengwa, na kiwanja chake kikaachiwa kibanda cha vinywaji na vitu vidogo kiitwacho Outpost. Inafaa kuona kwamba hata katika mpango ule kivutio kilikuwa wanyama. Urithi wa Midway ulikuwa haujaisha nguvu.

Afrika iliingia baadaye kwa mlango huohuo wa wanyama, na iliingia ikisema Kiswahili. Aprili 1998 ilifunguliwa bustani ya Animal Kingdom, yenye mji wa kubuni uitwao Harambe, uliochukua kuta za chokaa na vichochoro vya Lamu, na ndani yake mgahawa wa Tusker House, uliokuja kugeuzwa kuwa bufee. Mwaka 2001 ilifuata hoteli ya Animal Kingdom Lodge yenye migahawa ya Boma na Jiko, na mwaka 2009, katika jengo la Kidani Village, ukafunguliwa Sanaa. Boma hukusanya vyakula vya bara zima katika safu moja ya kujipakulia, Moroko karibu na Afrika Kusini, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuifanyia Ulaya kando ya ziwa. Jiko hujivunia zaidi mvinyo wa Afrika Kusini kuliko chakula chochote cha pwani ambako jina lake lilitoka.

Sanaa ndio uliofika karibu zaidi na ukweli. Wapishi wake walichukua viungo vya Bahari ya Hindi na tanuri la Kihindi, na sahani iliyowapatia sifa ni ya mikate ya naani inayoletwa na achari na chatne za aina nyingi, huku twiga wakipita nje ya dirisha. Mtu wa Mombasa au Unguja angeulizia mara moja biriani iko wapi, lakini angetambua bila shida mchanganyiko huo wa Bara Hindi na Afrika, uliotokana na karne nyingi za majahazi na pepo za msimu. Wageni wengi huutaja miongoni mwa wanayoipenda kuliko yote, na jambo hilo linaendana na kanuni ileile iliyoipandisha Italia na Japani, kwa maana Mmarekani wa 2009 alikuwa amekwisha kuijua naani kupitia migahawa ya Wahindi mjini kwake; wali wa nazi na samaki wa kupaka hakuwa amevijua, na hakuna kampuni ya Mombasa, Zanzibar wala Dar es Salaam iliyowahi kukodi nafasi ya kumpikia.