Kukusanya au Kufasiri? Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, na hasa baada ya ofisi za wizara kufunguliwa Mtumba mwaka 2019, walimu na watumishi wengi wa uwanda wa juu wa kati wamekuwa wakikabiliwa na swali hili: je, programu ya kompyuta ichukuliwe ikiwa kifurushi tayari, au iundwe kutokana na msimbo wake chanzo, yaani maagizo kama yalivyoandikwa na mtungaji? Kitendo hiki cha pili hakina budi kupewa jina sahihi.

Wako wanaokiita "kukusanya". Asili ya jina hilo ni Kiingereza. Mwaka 1952, huko Marekani, Grace Hopper alitengeneza programu iliyokusanya vipande vya maagizo vilivyokwisha andikwa na kuviunganisha. Lugha ya Fortran ilipotolewa mwaka 1957, kazi ilikuwa imebadilika: maandishi ya mtungaji yaligeuzwa yote kuwa lugha ya mashine. Kazi ilibadilika, neno likabaki. Hatuoni sababu ya Kiswahili kurithi neno hilo.

Kwa maoni yetu, kitendo hicho ni kufasiri, na chombo chake kiitwe kifasiri. Kile kinachogeuza na kutekeleza agizo moja baada ya jingine kiitwe kikalimani. Msomaji ajuaye tofauti ya mfasiri na mkalimani hatahitaji maelezo zaidi.

Jambo hili si la maneno tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kwa kuwa msimbo chanzo ulikuwa wazi, wataalamu waliweza kutia maneno yetu mahali pa yale ya Kiingereza. Kisha programu ikafasiriwa upya na kutolewa ikiwa kifurushi. Kifurushi peke yake kisingaliwapa nafasi hiyo. Mkulima wa Ugogo anaielewa tofauti hii: unga hupikwa upesi, lakini kinachopandwa ni mtama.

Hatusemi kwamba kila karani afasiri programu zake; kifurushi huokoa muda na kazi. Lakini ofisi isiyo na chanzo hulazimika kungoja wengine warekebishe hata neno moja lililokosewa. Kwa hiyo tunapendekeza walimu watumie istilahi hizi madarasani, ili mwanafunzi atambue kwamba nyuma ya kila kifurushi yako maandishi yanayoweza kusomwa na kusahihishwa.